Msafara wa magari ya zamani haumwachi wa nyuma. Sisi je?

Wewe pia umewaona. Ni Jumamosi asubuhi, uko kwenye matatu pale Waiyaki Way, macho bado mazito, mara unaona mstari wa magari ambayo ulidhani yalibaki kwenye picha za harusi ya babu yako. Volkswagen yenye mgongo wa kobe. Pijo 504. Datsun. Land Rover ambayo milango yake inapiga kelele kuliko injini. Unatoa simu, unarekodi video ya sekunde kumi, unaandika "wazee wako na pesa na time," halafu unaendelea na maisha yako.

Mimi nilikuwa mtu wa hiyo video. Juzi nilipopata kibarua cha kupiga picha siku ya kwanza ya msafara kama huo, Nairobi hadi Nakuru, nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, kulikuwa na malipo. Ya pili, kichwani nilishaanza kuandika makala ya kuwacheka. Watu wazima wanatoka kitandani usiku ili waendeshe polepole magari yanayovuja oili? Hiyo stori ilikuwa imejiandika yenyewe.

Sikuiandika. Nimeandika hii, na nakuomba uisome mpaka mwisho hata kama hujui tofauti ya kabureta na karoti.

Tuliambiwa tukutane saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenye kituo cha petroli Westlands, tuondoke saa kumi na mbili kamili. Tuliondoka saa moja na dakika kumi. Si eti watu walichelewa. Watu walifika kabla yangu. Magari ndiyo yalikuwa na mambo yao. Gari la zamani haliamki kwa kubonyeza kitufe. Unavuta choki ili injini baridi ipate petroli nyingi na hewa kidogo, unapiga starta, linakohoa, linazima, unangoja, unajaribu tena. Ukilikazania sana linafurika petroli, plagi zinalowa, na hapo utangoja zaidi. Wazee kwa vijana walikuwa wakizunguka na vitambaa mkononi, wakipima oili, wakiangalia maji ya rejeta, wakibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba kuona kama umelegea.

Magari yalikuwa 14. Na kabla hujaniandikia kunisahihisha, ndiyo, najua: kwa wale wenye kufuata neno hadi mwisho, vintage ni gari lililoundwa kati ya 1919 na 1930. Kwa kipimo hicho hatukuwa na hata moja. La zamani kuliko yote lilikuwa Morris Minor, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Mengi yalikuwa ya miaka ya sitini na sabini. Mimi nilipewa kiti kwenye Pijo 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ya mzee mmoja ambaye zamani aliitumia kubeba abiria kwenye barabara hiihii ya Nakuru. Kwa hivyo toa kichwani picha ya tajiri mwenye kofia ya ngozi. Huyu alikuwa mtu wa matatu, kama makanga wako wa leo, ila nywele zimekuwa nyeupe.

Kabla ya kuondoka, kiongozi wa msafara alituita. Ni mama wa miaka sitini hivi, ndiye mwenye ile Morris. Hakutoa hotuba. Alisema mambo matatu. Moja, gari lenye mwendo wa chini ndilo linatangulia, yaani lake, na hakuna kumpita. Mbili, fundi yuko nyuma kabisa kwenye Land Rover, na vifaa viko huko. Tatu, na hili alilirudia mara mbili: kila dereva ana jukumu la gari moja tu, lile lililo nyuma yake. "Tazama kioo. Ukimkosa mwenzako, punguza. Ukizidi kumkosa, simama. Aliye mbele yako naye atakukosa wewe, atasimama. Hivyo hivyo hadi nione mimi."

Nikajiambia, si kuna WhatsApp? Kulikuwa na kundi, ndiyo. Lakini dereva mikono yake iko kwenye usukani, na kuna mahali njiani mtandao unapotea. Kioo hakihitaji bando.

Kupanda kwenda Limuru kulikuwa aibu tupu, nakuambia. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru imepita 2,200. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, lakini kabureta haina kompyuta ya kuijulisha. Inaendelea kumwaga petroli kama iko mjini, injini inachoka, moshi unakuwa mweusi kidogo. Malori yalitukaribia kwa nyuma yakipiga honi. Makanga mmoja alitoa kichwa dirishani akatuuliza kama museum imehama. Mimi nilijikunja kwenye kiti. Mzee alimpungia mkono kama aliyepongezwa.

Kushuka kwenda Mai Mahiu ndiko nilianza kunyamaza. Kama hujapita ile barabara ya chini, ni ile iliyojengwa na wafungwa wa kivita kutoka Italia, ambao mwaka 1942 walijenga pia kale kakanisa kadogo kando ya barabara. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni Bonde la Ufa lote limelala chini yako. Mzee aliweka gia ya pili tangu juu, injini ikawa inanguruma, na mguu wake ulikuwa hauko kwenye breki. Nikamwuliza mbona. "Kijana, mteremko unaushuka na gia ambayo ungeupandia. Ukikaa kwenye breki zinashika moto, na zikishika moto hazikujui." Kila baada ya muda alitupa jicho kwenye kioo. Nyuma yetu kulikuwa na Ford Cortina ya kijani kibichi ya mwalimu mmoja wa sekondari. Jicho mbele, jicho kioo. Jicho mbele, jicho kioo.

Tulipomaliza mji wa Mai Mahiu barabara ilinyooka, Longonot ikajitokeza mkono wa kushoto, na jua likaanza kazi. Nilikuwa nimepanga kupiga picha za magari yote 14 kando ya ziwa Naivasha kabla mwanga haujakuwa mkali. Nilikuwa naangalia saa. Saa nne na dakika ishirini mzee akapunguza mwendo.

"Simwoni mwalimu."

Nikageuka. Barabara nyuma ilikuwa na lori moja na bodaboda mbili. Mzee akaingia pembeni, akasimama, akawasha taa za hatari. Mbele yetu, Datsun nayo ikapunguza, ikasimama. Halafu iliyo mbele yake. Nikaona mstari mzima ukikunjana pembeni ya barabara, gari moja baada ya lingine, hadi Morris ya mama kule mbele kabisa. Hakuna aliyepiga simu.

Sasa sikia nilichosema, kwa sababu makala yote hii iko hapo. Nilisema: "Mzee, si tuende tu? Fundi yuko nao. Wakitengeneza watatupata mbele."

Mzee hakukasirika. Aligeuza gari turudi, na tukiwa njiani akanijibu bila kuniangalia: "Ukimwacha, huo si msafara tena. Ni magari tu yanayoelekea upande mmoja."

Cortina ilikuwa imesimama kama kilomita mbili nyuma, boneti juu, mvuke unatoka. Yale manne ya mwisho yalikuwa yamesimama nayo. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Kwenye gari kama lile mkanda huo mmoja unazungusha feni, pampu ya maji na dinamo ya kuchaji betri, kwa hivyo ukikatika, injini inachemka ndani ya dakika chache. Mwalimu alikuwa na mkanda wa akiba. Fundi akaujaribu. Ulikuwa mfupi, aliuziwa usio wake. Kijana wa boda aliyesimama kutazama akasema anaweza kukimbia Naivasha. Akapewa ule uliokatika abebe kama sampuli, na pesa ya petroli, akapotea.

Tulikaa pale hadi saa sita na robo. Watu 30 hivi, kwenye jua, kwa sababu ya mkanda mmoja. Rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto, maji yatakurukia usoni, kwa hivyo hata hilo lilingoja. Mama wa Morris alirudi na chupa ya chai. Hakuna aliyemwambia mwalimu "ulipaswa kuangalia mkanda wako." Alijua. Uso wake ulijua.

Nikiwa nimeketi kwenye kivuli cha Pijo, mzee akaniletea stori za Safari Rally. Unajua ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika? Mwaka huo hapa nyumbani Hali ya Hatari ilikuwa imeshatangazwa, watu wetu wako kizuizini. Kwa hivyo usidhani naandika kuabudu enzi hizo. Lakini mzee alikuwa na hesabu moja aliyoipenda kwa sababu ya Pijo yake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, kwa Peugeot 404. "Hayo ni mashindano," akasema. "Pale ukiona mwenzako amezama matopeni, unapita. Ndiyo sheria ya mashindano. Leo hatushindani."

Nimefikiria hayo maneno tangu siku hiyo. Maoni yangu ni haya: kizazi chetu tumechukua sheria ya mashindano tukaipeleka kwenye kila kitu. Kwenye urafiki. Kwenye chama. Kwenye bendi, biashara, timu ya mtaa. Tunaanza tukiwa watu watano, tunapiga selfi ya kuondoka, halafu wa kwanza kuchemka tunamwambia atatupata mbele. Tunaita hiyo kujipanga. Tunaita kulinda amani yetu. Na tukifika wawili, tunaandika kwamba safari ilikuwa ngumu.

Ninayajua haya kutoka pande zote mbili. Nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo ilikatika kama ule mkanda, ghafla, na kila kitu kilichokuwa kikizungushwa nayo kikasimama. Tulikuwa watano hosteli, tulikula sufuria moja. Semista ilifunguliwa, mimi sikurudi. Kwenye kundi waliendelea kuzungumza kuhusu CAT na attachment. Mmoja aliuliza, "uko wapi siku hizi?" Nikamjibu, "niko, napanga mambo." Stori ikaishia hapo. Siwalaumu sana. Na mimi sikuwasha taa za hatari. Hilo ni funzo lingine la siku ile: mwalimu, pamoja na aibu yake yote, alisimama pembeni akafungua boneti watu waone. Ukijifanya uko sawa huku unachemka, hata mwenye kutazama kioo atapita na moyo safi.

Lakini upande wa pili ndio mgumu kuandika. Hii blogu yangu sikuianza peke yangu. Tulikuwa wawili: yeye kamera, mimi maneno. Mwaka jana mamake akaugua. Akaanza kukosa kazi tulizoahidi watu, akawa hashiki simu, picha zinachelewa. Nikamwambia, kwa upole kabisa, "Wewe tulia kwanza. Ukiwa sawa utanipata mbele." Halafu nikakopa kamera, nikajifunza YouTube, nikabaki na jina, nikabaki na wateja.

Ukisoma vizuri utaona ni maneno yaleyale niliyomwambia mzee pale barabarani. Yalitoka mdomoni haraka kwa sababu nilishawahi kuyatumia. Na kile kibarua cha picha, kwa haki, kilikuwa cha yule jamaa. Macho yake ni mazuri kuliko yangu. Nilikuwa nimeketi kwenye vumbi la Longonot na kamera ya kukopa nikifanya kazi ya mtu niliyemwacha nyuma.

Sasa najua utanijibu nini. Utasema huu ni mchezo wa wenye nacho. Kuna ukweli: kuchoma petroli wikendi nzima kwa raha si jambo la kila mtu, na magari hayo hayana kifaa cha kusafisha moshi kama ya sasa. Sikatai. Lakini mwalimu wa Cortina alinunua gari lake likiwa halitembei, na amelijenga kipande kwa kipande kutoka mshahara anaoujua yeye. Usimhesabu na matajiri kwa sababu ya rangi ya kijani inayong'aa.

Utasema pia kwamba ukisimamia kila mtu hutafika. Hapo ndipo nilikuwa na swali kama lako, nikamwuliza mama wa Morris. Je, mkanda usingepatikana? Alinijibu kama mtu aliyeshapanga. Wangeivuta Cortina kwa kamba hadi Naivasha, waiache gereji mahali salama, na mwalimu aketi kwenye gari la mwingine mpaka Nakuru. Gari linaweza kuachwa. Mwenye gari haachwi.

Tena angalia: hatukusimama kwa kila gari lililoharibika barabarani siku hiyo. Tulipita malori mawili yaliyokwama na tukaendelea. Tulisimama kwa wale 14 tulioahidiana asubuhi. Kwa hivyo sikuambii ubebe ulimwengu. Nakuambia uwajue wako ni wangapi. Labda ni watatu. Na katika hao, unajua ni nani yuko nyuma yako?

Yule kijana wa boda alirudi na mkanda unaoingia sawasawa. Fundi aliufunga kwa dakika kumi na tano, maji yakaongezwa, Cortina ikawaka. Tulikula Naivasha tukiwa tumechelewa, mwanga ukiwa mkali kama nilivyoogopa, na picha za ziwa ni mbaya. Picha nzuri kuliko zote siku hiyo ni ya watu wameketi kando ya barabara wakinywa chai kwa zamu kutoka kikombe kimoja, na boneti imefunguka nyuma yao. Tukapita Gilgil. Tukaingia Nakuru saa kumi na moja jioni. Kilomita 160 hivi, karibu saa kumi. Shuttle ingekuwa imeenda na kurudi. Mama wa Morris alisimama langoni akahesabu kwa kidole gari moja moja likiingia. Alipofika 14 akashusha mkono, ndipo akaenda kutafuta choo.

Usiku huo nilimpigia rafiki yangu. Hakushika. Nikamwandikia ujumbe, sikujitetea, nikamwambia kibarua kilikuwa chake na nusu ya pesa ni yake. Alijibu baada ya siku mbili: "Sawa. Tutaongea." Pengine bado ana hasira, na ana haki. Pengine hatutafanya kazi pamoja tena. Sitakudanganya kwamba mambo yamerudi. Ninachojua ni kwamba amejua nimesimama.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo ukiwaona tena pale Waiyaki Way, rekodi video yako, hakuna shida. Lakini kabla hujaandika lolote, angalia vichwa vya madereva. Utaona vinainuka kidogo kila baada ya muda. Hawajiangalii nywele. Wanamtafuta aliye nyuma.

Halafu fungua simu yako, shuka chini kwenye orodha ya meseji, chini kabisa, kule kwa wale ambao hamjaongea tangu mwaka jana. Kuna mtu huko uliyemwambia atakupata mbele. Mpigie leo.